Mgeni Ambaye Hatukumuuliza Jina



Wahenga wetu walisema milima haikutani, wanadamu hukutana. Tangu utotoni tumeisikia methali hii ikitolewa kama faraja wakati wa kuagana, na mara nyingine kama onyo kwa mwenye kutenda ubaya akakimbia. Juma hili twapenda kuitazama kwa upande mwingine, upande wa watu wanaokutana mara moja tu, wakaachana, wala wasionane tena. Je, mkutano kama huo una maana yoyote, au ni vumbi la njiani tu, hushika nguo kisha likapanguswa?

Sisi ni dada wawili wa tumbo moja, na twaandika kwa kalamu moja kwa sababu jambo tunalolisimulia lilitupata sote. Twaishi kusini ya kivuko cha Likoni. Mwaka ule mama yetu alipatwa na kiharusi, akalazwa katika hospitali moja kisiwani Mombasa. Upande wake wa kulia ulilala, na ulimi wake, uliokuwa mwepisi wa kuomba dua na mwepisi vilevile wa kukaripia, ukanyamaza kabisa. Kila siku mchana tukivuka kwenda kumtazama, na kila siku tukirudi tukiwa tumechoka kuliko tulivyoondoka. Tulimbadilisha shuka, tukampangusa uso, tukamlisha uji kwa kijiko. Lakini hatukuzungumza naye. Tulizungumza baina yetu, tena kwa sauti ya chini, kama watu walio msikitini.

Hapana budi tuseme ukweli kuhusu kimya kile. Mama alipopatwa na maradhi, mmoja wetu alikuwa hajakanyaga nyumbani kwake kwa miezi minane. Hatutasema ni yupi, kwa kuwa aliyekosa kwa kusema alikuwa mmoja, na aliyekosa kwa kutopatanisha alikuwa wa pili. Ugomvi ulihusu shamba la minazi alilotuachia baba. Mmoja wetu alitaka fungu lake likatwe kama sharia ya mirathi inavyoelekeza. Mama alitaka shamba lisiguswe maadamu yu hai. Kudai haki hakukuwa dhambi. Lakini siku ile yalitoka maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, na mlango ukafungwa kwa kishindo. Haki ilikuwa haki. Ulimi ndio uliokosa. Kisha maradhi yakaja kabla ya radhi kuombwa, na tukawa tumesimama kando ya kitanda cha mtu tuliyemdhania hasikii, kila mmoja akimeza neno lake.

Siku ya nane tulichelewa. Tulipofika kivukoni jua lilikuwa utosini, na banda la abiria lilifurika watu, mikokoteni na vikapu. Wanaovuka pale wanajua kwamba meli kubwa inapoingia au kutoka bandari ya Kilindini, feri husimama zikaipisha. Basi siku ile ilikuwa inaingia meli ya makontena, ndefu mithili ya mtaa mzima, nayo ikienda taratibu kama isiyo na haraka ya dunia. Tulisimama tukihesabu dakika. Saa za kuwatazama wagonjwa zilikuwa zinakwisha, na sisi tungali ng'ambo. Tulinung'unika. Tuliilaumu meli, tukalaumu jua, tukalaumiana sisi kwa sisi kwa nani aliyechelewesha kutoka nyumbani.

Kando yetu alikuwa ameketi mwanamke mtu mzima, amejifunga leso mbili, nyayo zake zimepasuka kwa vumbi la shamba. Pajani pake palikuwa na miyaa iliyotiwa rangi, naye akisuka ukili bila kuutazama, vidole vikienda vyenyewe. Tulimwamkia shikamoo kwa sababu tulifunzwa kumwamkia mkubwa, si kwa sababu tulikuwa na nafasi ya mazungumzo. Akaitika marahaba, akatutazama, akauliza, "Mwaenda kwa mgonjwa, wanangu?"

Tulishangaa amejuaje. Akaionesha kwa kidevu chupa ya uji tuliyoishika. Tukamwambia ni mama yetu, na kwamba hasemi. Akasuka kidogo, kisha akasema maneno ambayo twayakumbuka kama tuliyoyasikia jana.

"Na mimi wangu hakusema. Siku kumi na mbili. Nilimwosha, nikampangusa, nikamgeuza, kama mtungi. Neno sikumpa, nikiona hasikii. Alipokwisha kuzikwa, jirani aliyekuwa akija kunisaidia akanambia, mamako alikuwa akikufuata kwa macho kila ulipokwenda." Akanyamaza kidogo. "Kama kuna neno, mwambieni leo. Msingoje ajibu."

Hakutuuliza kama kulikuwa na ugomvi. Hakujua habari za shamba wala za mlango uliofungwa kwa kishindo. Meli ilipokwisha kupita feri ilifunga gati, na watu wakateremka kwa wimbi kama kawaida ya pale. Mwanamke yule akakunja ukili wake, akaweka kikapu kichwani, akasema, "Mungu amfanyie wepesi," na umati ukamchukua. Katika feri tulimtafuta kwa macho hatukumwona. Hatukumshukuru. Hatukumuuliza jina wala kwao ni wapi.

Tulipofika wodini zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano. Mmoja wetu aliketi upande wa kushoto wa mama, ule uliokuwa na uhai, akasema lile neno. Alisema lote, tangu mwanzo wa ugomvi mpaka kishindo cha mlango, akaomba radhi. Wa pili naye akaomba radhi yake kwa kukaa kimya miezi minane ilhali angeweza kuwapatanisha. Mama hakujibu, ulimi haukuwa na nguvu hiyo. Lakini mkono wake wa kushoto uliinuka polepole, ukaushika mtandio wa yule aliyekuwa karibu, uliokuwa umeteremka mabegani, akauvuta mpaka ukafunika kichwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akitufanyia kila asubuhi tukiwa wadogo, kabla hatujatoka kwenda chuoni.

Siku ya tatu baada ya hapo, wakati wa alfajiri, Mola alimchukua mja wake. Mwenyezi Mungu amrehemu, na azirehemu maiti zote za Waislamu.

Katika siku za matanga habari ya yule mwanamke wa kivukoni ilienea miongoni mwa waliokuja kutupa pole, na kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wako waliosema ni bahati tu. Lau meli ingechelewa robo saa tusingemwona, na tusingekuwa na la kusimulia. Wako waliosema, kwa imani njema, kwamba yule hakuwa mwanadamu. Alikuwa malaika aliyetumwa kwa sura ya mtu. Hata shangazi yetu mmoja alitukataza tusimtafute, akisema wa namna ile hawatafutwi.

Tafsiri zote mbili tumezipima kwa muda mrefu, na zote mbili zimetushinda kuzipokea. Neno bahati halikai vyema katika kinywa cha mwenye kuamini qadar. Jani haliporomoki mtini ila Mola analijua. Sembuse meli nzima na feri na watu mia kadhaa walio juani? Lakini tafsiri ya malaika nayo ina hatari yake, nayo ni hii: kama yule alikuwa malaika, basi kazi aliyoifanya si kazi yetu. Tungebaki kumsifu na kumsimulia, wala isingetupasa kumwiga. Sisi tuliziona nyayo zake zilizopasuka. Tuliona vidole vyake vilivyoingia rangi ya miyaa. Alikuwa mwanamke mwenye safari yake na msiba wake wa zamani, akautoa msiba ule mbele ya watu asiowajua ili usiwapate wao. Na ikiwa yeye aliweza, nasi twaweza. Hapo ndipo tulipoiona maana ya mkutano ule. Haikuwa kwamba sisi ni wateule tuliotumiwa mjumbe. Maana yake ilikuwa kwamba mtu yeyote, akiwa popote, aweza kuwa ndiye anayehitajiwa, naye asijue.

Mfano wake tumepewa katika kisa cha Nabii Musa (A.S.) alipofika kwenye maji ya Madyan. Alikuwa mkimbizi aliyetoka Misri kwa hofu, mgeni asiye na ndugu wala pa kulala. Aliwakuta wachunga wakiwanywesha wanyama wao, na kando yao wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao wasisogee. Angeweza kusema mambo yao hayamhusu. Naye ndiye aliyekuwa na shida kubwa kuliko wao. Lakini aliwauliza wana jambo gani. Walipomweleza kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachunga waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana, aliwanyweshea, kisha akarudi kivulini akamwomba Mola wake. Hakudai ujira wala hakuwafuata. Baadaye mmoja wao alimjia kwa mwendo wa haya, akamwita kwa baba yake, na kutokana na mkutano ule mgeni yule akapata makao, kazi ya miaka na mke.

Wengi wetu husimulia kisa hiki kwa ajili ya mwisho wake mwema. Sisi twaomba msomaji asimame kidogo mwanzoni mwake, pale kwenye swali. Nabii Musa alikuwa amechoka na ana hofu, na bado aliuliza. Mwanamke wetu wa kivukoni naye alianza kwa swali. Mlango wa mikutano kama hii mara nyingi hufunguliwa kwa swali dogo linaloulizwa na mtu ambaye naye ana yake yanayomlemea.

Lakini tusijidanganye kwamba maana ya kila mkutano hufunuliwa. Nabii Musa huyohuyo, alipofuatana na yule mja mwema ambaye wanazuoni humwita Khidhr, aliona mambo asiyoweza kuyavumilia, na maelezo yake aliyapata mwishoni, walipokuwa wanaachana. Sisi wengine yamkini tusipate maelezo hapa duniani. Wala si halali yetu kumfanya kila mpita njia kuwa ramli, tukasema huyu ni ishara ya kheri na yule ni ishara ya nuksi. Mgeni hatumpigi bao. Twampa haki yake. Na haki hiyo haingoji tujue mwisho wa habari.

Tungependa makala yetu yaishie hapa, kwa kheri. Lakini amana ya kalamu yatutaka tusimulie na la pili, ambalo hatujivunii.

Miezi michache baada ya mama kufariki, Ramadhani ikiwa yakaribia, tulikwenda Marikiti kununua tende, unga na viungo. Tulirudi jioni na mizigo mizito, tukashukia kivukoni upande wa kisiwani. Hapo alitusogelea msichana, hana miaka ishirini, mtoto mchanga amemfunga kwa leso kifuani, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Alitusalimu kwa adabu, akauliza njia ya hospitali. Lafudhi yake ilionesha si mwenyeji wa mji. Feri ilikuwa imekwisha kufika, watu wakiteremka mbio, na sisi tulikuwa na futari ya kesho kichwani kabla hata mwezi haujaandama. Tukamnyoshea kidole tukamwambia, "Nenda mbele kule, uliza." Tukakimbilia feri.

Tulipokuwa katikati ya maji tulitazamana. Hakuna aliyehitaji kusema. Hatukuuliza ni mtoto anayeumwa au ni yeye. Hatukusoma karatasi yake. Hatukumwambia ni gari gani apande, wala kama ana nauli. Sisi tuliopewa neno na mgeni kwenye kivuko hichohicho tulishindwa kumpa mgeni dakika tano. Lakini feri haigeuzwi katikati ya maji. Tuliposhuka Likoni tuliacha mizigo kwa muuza madafu tunayemjua, tukarudi na feri iliyofuata. Msichana hakuwapo. Tukamuuliza mwenye kuuza kahawa; akasema alimwona akilia, kisha hakumwona tena. Kesho yake tulikwenda wawili, tukauliza tulipoweza kuuliza. Mpaka leo hatujui yule mtoto alipona au la.

Hilo ndilo tofauti kati ya mgeni na jirani. Ukimkosea jirani leo, kesho wamkuta kwenye kidirisha chake ukamwomba radhi. Mgeni hana kesho nawe. Amekuwa mbele yako kwa muda wa salamu moja, na mlango ukifungika hufungika mpaka siku ya kusimama mbele ya Mola. Tumelia kwa ajili ya mama tuliyewahi kumwomba radhi. Lakini machozi ya yule msichana ni mazito zaidi, kwa kuwa yeye hatukuwahi.

Basi nini tumejifunza, na nini twawausia wasomaji wetu, hasa akina mama wenye kulea?

Kwanza, salamu. Bwana Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu Uislamu ulio bora, alitaja kulisha chakula na kumsalimia unayemjua na usiyemjua. Twaisikia hadithi hii sana, na twaitimiza nusu: twawasalimu tunaowajua. Ile nusu ya pili ndiyo iliyotuokoa sisi. Lau tusingemwamkia yule mwanamke, yamkini asingetuuliza.

Pili, tuulize kabla ya kujibu. Msichana alituuliza njia, tukamjibu njia. Lakini lililomsibu hatukuliuliza. Siku hizi, mtu akituuliza hospitali iko wapi, twamuuliza nani anaumwa. Mara nyingi jibu linalohitajika si lile la swali la kwanza. Dini yetu imemweka msafiri aliyekwama miongoni mwa watu wanane wanaostahiki zaka. Ikiwa ana haki katika mali zetu, hakosi haki katika dakika zetu.

Tatu, tusiwafunze watoto wetu kuwaogopa watu wote, wala tusiwafunze kuwaamini wote. Tunajua zama tunazoishi. Wako wanaoomba nambari ya siri ya simu kwa sauti ya upole, na wako wanaowapa wasafiri vinywaji vya kuwalevya garini. Tumefunzwa kumfunga ngamia kisha tutawakali. Kwa hiyo twawaambia watoto: salimu, lakini usifuatane na mtu usiyemjua, usile wala usinywe cha usiyemjua, mtu mzima mwenye shida mlete kwa mtu mzima mwenzake. Na sisi wanawake twaweza kusaidia pale penye watu, wawili wawili, kwa adabu na stara. Tahadhari na rehema haziko katika vita. Mwenye kujilinda vizuri ndiye awezaye kusimama kumsikiliza mwingine.

Nne, na hili ndilo zito zaidi: neno la radhi lisingoje mgeni wa kulikumbusha. Mola alitujaalia meli ikapita na mwanamke akaketi pale. Hatuna ahadi kwamba kila nyumba yenye mlango uliofungwa kwa kishindo itapata meli yake. Kama makala haya yamekufikia nawe una mzazi, ndugu au mke mwenzio ambaye neno limekwama baina yenu, basi yachukue kuwa ndiyo mgeni wako wa leo.

Shamba la minazi tumeligawa kwa sharia, na kwa ridhaa ya kila mmoja. Tukivuka feri bado twatazama kwenye viti vya banda, kama tutamwona mwenye kusuka ukili, na kama tutamwona mwenye mtoto kifuani. Hatujamwona hata mmoja. Wa kwanza twamwombea kila baada ya sala, hatumjui jina, twasema tu yule wa kivukoni, na Mola anamjua. Wa pili twamwombea pia, na kwa ajili yake, aulizaye njia mbele yetu hatumwoneshi kwa kidole tena. Twamfikisha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.